Vidonge Nilivyomeza Nikiwa na Mimba ya Yasinta

Nilivimeza vyote. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali watu waliloniuliza kwanza, nikiwa bado nimekaa mkekani msibani, kitambaa kichwani: "Vile vidonge vya presha, ulikuwa unavimeza kweli?" Wengine waliuliza wakitaka niseme hapana, waondoke wakijua nimefiwa kwa ukaidi wangu. Wengine walitaka niseme ndiyo, ili wapate cha kulaumu. Nilisema ndiyo, nikawaona wawili watatu wakitazamana, na mmoja akaguna.

Namwandikia mwanamke aliyeambiwa kliniki kwamba ana mimba na ana presha, akapewa vidonge, akafika navyo nyumbani, akaviweka mezani na kuvitazama akiogopa. Sina elimu ya kumfundisha. Nina yale yaliyonipata tu.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Gungu, mjini karibu na ziwa. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Mume wangu, Zabroni, anatengeneza injini za boti mwaloni Kibirizi, boti zinapotia nanga, na hata akioga kwa sabuni ya unga bado ananukia mafuta ya injini. Tulikaa kwenye ndoa miaka kadhaa bila mtoto. Mama yangu mzazi, Velonika, anaishi Kagunga, kijiji cha wavuvi kule juu karibu na mpaka wa Burundi, na kila boti iliyoshuka kutoka huko ilileta salamu zake na swali lile lile: vipi, bado?

Presha ilinianza kabla ya mimba. Nilikuwa nashona, kichwa kinaniuma kisogoni, nikadhani ni macho yamechoka na uzi. Nikaenda duka la dawa kutafuta vya maumivu. Muuzaji akanipima, akanipima tena mkono wa pili, akaniuliza kama nimekuja mbio. Zahanati wakanipa vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi. Majirani walicheka kidogo. Presha kwao ni ya wazee na ya wenye mawazo ya mali, na mimi sikuwa mzee wala sikuwa na mali. Nikawa nameza na chai yangu, nasahau mpaka kesho yake.

Mimba nayo niliijua kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu siku zangu hazikuwahi kuwa na mpangilio. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limejaa kila mahali, na mimi natapika nasingizia samaki. Nilipopimwa na kuambiwa, nilitoka nje nikacheka peke yangu. Kisha nikaingia kliniki ya wajawazito na furaha yangu yote.

Aliyenipokea alikuwa Nesi Mwanaidi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kikazi, mpole wa sauti lakini hapepesi macho akikuuliza jambo. Aliniuliza kama kuna dawa yoyote naitumia. Nikatoa vile vidonge vyeupe kwenye pochi, navitoa kama mtu anayeonyesha amekuwa mtoto mwema. Akasoma jina pale nyuma, akaviweka mezani.

"Hivi uviache leo," akasema. "Leo hii, dada, siyo kesho. Hivi haviendi na mimba."

"Vina nini?"

"Kwako havina neno. Kwa mtoto, mimba ikikua, vinaleta shida. Tutakupa vingine vinavyokaa vizuri na mimba. Usiogope, umekuja mapema."

Alisema usiogope, na ndipo woga ulipoanza. Maana tayari nilikuwa nimevimeza kwa wiki ambazo sikujua kama nina mtu tumboni. Niliporudi nyumbani nilijifungia chooni nikahesabu asubuhi zote zile, chai na kidonge, chai na kidonge. Na vile vipya alivyonipa, vya njano, mara tatu kwa siku, nilivitazama nikajiuliza: kama vya kwanza vilikuwa vibaya na hakuna aliyeniambia, nani atanithibitishia hivi?

Zabroni aliporudi nikamweleza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavigeuza vile vidonge mkononi mwake mweusi wa grisi.

"Nesi amesema umeze?"

"Amesema."

"Basi meza. Mimi sijui mambo ya tumbo, lakini najua injini ikichemka huwezi kuiacha hivyo hivyo ukasema labda itapoa yenyewe."

Tangu siku ile akawa ananipigia simu mchana kutoka mwaloni. Nasikia injini zinanguruma na watu wanapiga kelele za kupakia mizigo, na sauti yake katikati: "Umemeza?" Nikijibu ndiyo, anakata. Hakuwa na maneno mengine. Leo nikisikia injini ya boti inajaribiwa, moyo wangu bado unaruka kujibu.

Vidonge vya njano vilinipa usingizi. Kinywa kilikauka kama nimekula majivu. Nilikuwa nashona huku kichwa kinadondoka, na siku moja niliunganisha mkono wa shati la mwanafunzi shingoni. Mwenye shati alicheka, mimi nikalia, na hakujua kwa nini nalia. Nilikuwa najiuliza: kama kinanilaza mimi mtu mzima hivi, yule mdogo ndani kinamfanya nini? Akitulia kidogo tu nilibonyeza tumbo nimwamshe. Akicheza, nashukuru. Akitulia, nabonyeza tena.

Kliniki tulikaa kwenye benchi ndefu chini ya bati, mvua ikianza tunasogea katikati tusilowe. Wenye presha tuliambiwa kuja mara nyingi kuliko wenzetu, kwa hiyo tulijuana kwa sura. Kulikuwa na mama mmoja aliyesema dada yake alimeza vidonge hivi hivi na mtoto akazaliwa mzito wa akili. Mwingine akasema shemeji yake alikataa kuvimeza, akaletwa hospitali hajitambui. Tulisikiliza wote wawili, halafu kila mmoja akatazama tumbo lake. Na jina langu likiitwa, nikiona tu ule mpira wa kufunga mkono, moyo ulianza kwenda mbio, mpaka Nesi Mwanaidi akazoea kuniambia nikae kwanza, ninywe maji, tuzungumze habari za cherehani, ndipo apime.

Baada ya Krismasi Mama akaja. Alishuka Kibirizi na unga wa muhogo, chupa ya mawese na mfuko wa dagaa, akanishika tumbo pale pale mbele ya wapakiaji, akapiga kigelegele. Nilifurahi kama mtoto. Kwa siku za mwanzo nyumba yetu ilinukia samaki wa migebuka na mawese, na nililala mchana nikijua kuna mtu anayefagia uwanja.

Siku aliyoniona nameza, uso wake ulibadilika.

"Nini hicho?"

"Vya presha, Mama. Kliniki wamenipa."

"Mwana wanje," akasema, na Mama akianza na *mwana wanje*, mwanangu, ujue Kiswahili kimemwisha na jambo limemgusa. "Mwenye mimba hamezi kitu asichokijua. Hiyo inapita kwako inakwenda kwa mtoto."

"Nesi anakijua."

"Nesi hajabeba hiyo mimba."

Hakuvitupa vidonge vyangu, wala hakuvificha. Nasema hivi kwa sababu wapo waliomdhania. Alichofanya ni kutoka nje. Kila nilipochukua kikombe cha maji, Mama aliinuka, akatoka, akasimama akitazama ukuta wa jirani mpaka nimalize. Mara tatu kwa siku. Ningeweza kuvumilia ugomvi kuliko mgongo ule.

Na bado alinipenda. Niliambiwa nipunguze chumvi, na dagaa zake alizoleta zilikuwa za chumvi tupu. Akaziloweka, akamwaga maji, akaloweka tena. Akapika bila chumvi kabisa, akaonja, akakunja uso kama amelamba majani ya mwarobaini, kisha akajipakulia chakula kile kile na kula. Zabroni alimwambia, "Mama, wewe tia chumvi kwenye sahani yako." Akajibu, "Nile nini mimi asichokula mwanangu?"

Kuna asubuhi moja alinipigia magoti. Mama yangu mzazi. Aliniomba niache kwa muda mfupi tu, mpaka mtoto akomae, halafu nirudie. Nilikuwa na kidonge kiganjani, kimeanza kulainika kwa jasho. Nilikitazama muda mrefu. Sikuwa na uhakika wowote, na sitaki mtu anifikirie kuwa nilikuwa jasiri. Nilimeza kwa sababu nilisikia kichwa kinagonga kisogoni, basi. Mama akainuka, akajipangusa magoti, akatoka nje.

Mvua zilipokolea nikaanza kuvimba. Kwanza pete, Zabroni aliitoa kwa sabuni na mafuta, tukacheka. Halafu miguu ikawa haiingii kwenye viatu, nikavaa ndala zake. Halafu nikashindwa kukanyaga cherehani, kwa sababu nikibonyeza kifundo cha mguu kidole kilizama na shimo likabaki. Asubuhi moja nilijiona kwenye kioo nikaona uso wa mtu mwingine, macho madogo yamezama. Kliniki waliongeza vidonge vya njano na kuniongezea vya aina nyingine. Wakapima mkojo, wakatazamana. Nesi Mwanaidi akaniambia dalili za kuogopa: kichwa kisichopona, macho kuona nyota, maumivu chini ya mbavu. "Ukiona moja tu, usingoje mume arudi kutoka kazini. Njoo."

Zilinijia zote pamoja, mchana, mvua ikinyesha. Nilikuwa nakunja vitambaa nikaona vimulimuli vinaruka mbele ya macho, vingi, vizuri hata. Nikamwambia Mama, "Naona vimulimuli." Akaniangalia usoni, akapiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia nao. Alikimbia barabarani bila viatu akasimamisha bajaji, na njia nzima alinishikilia kichwa kwenye paja lake, akirudia neno moja tu, "*Ihangane, ihangane.*" Vumilia, vumilia.

Hospitali sikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka sindano iliyoniwasha mwili mzima kwa joto, kama nimemwagiwa chai kwa ndani. Nakumbuka Zabroni ameingia na ovaroli yake na kuambiwa asubiri nje. Daktari, mwanaume wa makamo asiye na maneno mengi, aliinama karibu na sikio langu ili nimsikie.

"Mama, inabidi mtoto atoke leo."

"Hajafika. Ana miezi saba."

"Najua. Lakini tukingoja, tunawapoteza ninyi wawili."

Nikamwuliza, "Ni vidonge?" Nadhani hakunisikia. Walikuwa wameshaanza kunisukuma.

Yasinta alizaliwa kwa upasuaji. Alilia, Zabroni alimsikia kupitia mlangoni, na mimi sikumsikia. Alipelekwa chumba cha watoto njiti, mimi nikabaki wodi ya wagonjwa mahututi wa uzazi, mpira wa mkojo huku, dripu kule, presha haitaki kushuka. Kati yangu na mtoto wangu kulikuwa na ukumbi na milango miwili tu, nami sikuweza kwenda.

Aliyekwenda ni Zabroni. Walimfundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge. Alioga mara mbili mbili kuondoa grisi, akakaa kwenye kiti cha plastiki na mtoto ndani ya shati lake saa zote alizoruhusiwa. Kisha anakuja kunisimulia. "Ana nywele nyingi. Masikio yako. Amenishika nywele za kifua, hataki kuachia." Nilimnyonya maneno yale mdomoni.

Kitanda cha pembeni alilala mwanamke Mrundi aliyeletwa kutoka kambi ya wakimbizi, Esperansi, naye kajifungua kwa taabu. Alikuwa na vitenge viwili tu. Kimoja akanipa. "Mtoto wako anatumia chako," akasema, "wewe utajifunika nini?" Nilimkatalia, akakitandika juu ya miguu yangu, akarudi kulala. Ndicho nilichokuwa nacho siku Nesi Mwanaidi alipofika kunitembelea kutoka kliniki yake. Aliona hali yangu, akaenda kuzungumza na wenzake wa wodi, akarudi na kiti cha magurudumu. Wakanikalisha na dripu yangu, wakanisukuma ukumbini.

Nilimwona. Alikuwa mwekundu, mgongo wake ukienea kwenye kiganja cha baba yake. Nilimgusa kisigino. Alikunja vidole vya mguu. Zabroni alisema, "Huyu ndiye mama yako," na sisi watatu tukakaa pale. Nilimtazama vidole, midomo, kucha, nikitafuta mahali palipoharibika, mahali vile vidonge vyeupe vya mwanzo au vya njano vilipomgusa. Naumia kukumbuka hilo kuliko lolote. Nilipewa muda mfupi na mwanangu, na sehemu kubwa ya muda ule niliitumia kumkagua.

Kesho yake mapafu yake yalichoka. Muuguzi mmoja Mkatoliki alimwambia Zabroni kama wanataka mtoto abatizwe, basi ni sasa. Zabroni akachovya vidole kwenye kikombe cha maji akambatiza mwenyewe, jina tulilokuwa tumekubaliana. Akafa kifuani pake. Alipokuja kunieleza, shati lilikuwa bado limefunguka vifungo, na pale katikati ngozi yake ilikuwa nyekundu kwa joto la mtoto.

Maziwa yalikuja baada ya mazishi. Hakuna aliyeniambia kwamba mwili haupewi taarifa. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake waliokuja kutupa pole, nikasikia matiti yanajaa, yanauma, na gauni likalowa mbele. Mtoto wa mtu alikuwa analia nje na maziwa yanamjibu. Mama alinipeleka chumbani, akanifunga kifua kwa kitenge, kwa nguvu. Alipomaliza kufunga fundo ndipo akasema.

"Nilikwambia."

Neno hilo tu. Matanga yalipoondolewa akarudi Kagunga na boti ya asubuhi, akamuaga Zabroni, mimi akaniacha nimejifunika shuka nimejifanya nimelala.

Baada ya hapo sikutaka tena kuona kidonge. Presha yangu ilikuwa bado iko juu. Walinirudishia vile vyeupe vya zamani, maana sasa hakuna wa kudhurika. Hilo nalo lilinichoma. Zabroni alikuwa amekonda, hazungumzi, anarudi jioni anakula anageukia ukutani. Watu wa kwao walishaanza kumwambia kwamba yeye ndiye aliyenilazimisha dawa, na kwamba mwanamke asiyebeba mimba bila dawa si wa kumng'ang'ania. Hakuniletea maneno hayo. Niliyasikia kwa jirani. Siku moja alinikuta nimeacha kidonge kwenye sahani ya kikombe, hakijaguswa. Akakichukua, akakaa kitandani, akaninyooshea.

"Meza," akasema.

"Nikimeza itanisaidia nini?"

"Odilia, nimezika mmoja. Kwa mikono yangu hii. Usinitume tena kule." Na akaanza kulia, mtu ambaye hakulia hospitali wala makaburini. Nilimeza ili anyamaze.

Mvua zilikuwa zimekatika alipoitwa Kagunga kutengeneza injini ya boti fulani. Alirudi na Mama. Sijui alimwambia nini. Mama aliingia, akanisalimu, akaenda moja kwa moja jikoni kuosha vyombo. Hatukugusia lolote. Ila siku yangu ya kurudi kwa daktari ilipofika, alijifunga kitenge chake kizuri akachukua pochi yangu. "Nitakubebea," akasema.

Tulikaa kwenye benchi nyingine sasa, ya wagonjwa wa presha, hakuna matumbo. Wazee, wazee, na mimi. Tulipoitwa Mama akaingia nami, na hakuna aliyemzuia. Daktari alikuwa yule yule, na Nesi Mwanaidi alikuwa amekuja siku ile kumsaidia. Nilikuwa nimejiapia nitauliza.

"Daktari, naomba ukweli. Vidonge ndivyo vilivyomuua?"

"Hapana." Akaweka kalamu chini. "Ugonjwa ulibana njia ya chakula cha mtoto. Alikuwa hakui vizuri tangu kabla hujaletwa kwetu. Vidonge vilikushikilia wewe. Bila vile, sidhani kama ungefika hata mwezi ule."

"Na vile vyeupe? Nilivimeza kabla sijajua."

"Uliviacha mapema. Na mtoto nilimtoa mimi, nikamwangalia. Hakuwa na kasoro, mama. Alikuwa mdogo tu."

Alikuwa mdogo tu. Nilijiinamia. Kisha nikasikia sauti ya Mama nyuma yangu, nyembamba, kama ya mtu anayeomba njia.

"Mwanangu daktari, nami niulize."

"Uliza, mama."

"Na yule ambaye hakumeza kidonge hata kimoja? Akavimba uso, akaona vimulimuli, akaanguka akatetemeka mpaka akauma ulimi. Akazinduka, mtoto ameshazikwa. Huyo, mtoto wake aliuawa na nini?"

"Ni nani huyo?"

Mama alikuwa ameikumbatia pochi yangu kifuani. "Ni mimi."

Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote.

Daktari alimwambia kwamba ni ugonjwa ule ule, ulifika mpaka kwenye kifafa cha mimba, na kwamba angeweza kufa. Mama akauliza tena, akimkazia macho: "Siyo mizizi?" Kwa sababu alikuwa amekunywa mizizi aliyopewa ukweni, kikombe kizima, siku chache kabla ya kuanguka. Daktari akasema mizizi ile haijui, hawezi kuiapia, lakini hayo aliyoyaeleza, uvimbe na vimulimuli na kuanguka, ni ugonjwa, na ulikuwepo kabla ya kikombe. Nesi Mwanaidi akamshika bega. Mama akasema, "Miaka yote hii."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi, watu wakatupisha. Ndipo akanieleza. Alikuwa msichana, ndoa changa. Walimwambia asimtaje yule mtoto, asije akaita kifo kingine. Hakuonyeshwa kaburi. Akanyamaza, akanizaa mimi, na kila mtu akasahau isipokuwa yeye, aliyekunywa kile kikombe kwa mkono wake mwenyewe akiamini ndicho kilichoua.

"Ulipokuwa unameza," akaniambia, "nilikuwa naona mkono wangu. Sikuweza kutazama."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeua?"

Akanishika kichwa akakilaza pajani, mbele za watu, kama kwenye bajaji siku ile. "*Mpore, mwana wanje,*" akasema. Pole, mwanangu. Sikujua ananipa pole ya Yasinta, au ya lile neno la siku ya maziwa. Sikuuliza. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilikuwa namwonea huruma mpaka mifupani, vyote viwili pamoja, na nikabaki nimelala pale. Kabla hatujaondoka Nesi Mwanaidi alimpima naye. Ilikuwa juu kuliko yangu. Akapewa vidonge vyake, akauliza kwa woga kama na yeye atameza kila siku, wazee wa pale benchini wakamcheka kwa upole.

Sasa sikiliza wewe uliyeko mezani na vidonge vyako. Nilichoambiwa mimi ni hiki: ukiwa na presha na unatamani mtoto, nenda kabla hujashika mimba, wakubadilishie dawa mapema. Ukishashika, usiache wala usibadili mwenyewe. Rudi ukaulize, na ukiogopa, sema kwamba unaogopa. Mimi niliuliza swali langu mtoto akiwa ameshazikwa, na jibu lilikuwepo siku zote. Wapo niliokaa nao benchi moja, wakameza kama mimi, na leo wananiletea sare za watoto wao niwashonee. Nazishona. Siku nyingine nafunga kibanda mapema.

Hatujaamua kama tutajaribu tena. Daktari hakukataa wala hakunitia moyo sana. Zabroni akisikia habari hiyo anatoka kwenda kuangalia injini ambayo haijaharibika.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeshanyesha, Mama alishuka kutoka Kagunga kwa ajili ya Misa ya kuwaombea marehemu wote. Pale mlango wa kanisa katekista alikuwa anapokea majina ya kusomwa. Zabroni akamtajia Yasinta. Nikamngoja Mama amtaje baba yangu, akamtaja. Kisha hakuondoka.

"Na Damiano," akasema.

"Damiano nani, mama?"

"Damiano wa Velonika. Mwanangu wa kwanza."

Niligeuka nikamtazama. Walimnyima kuona kaburi, wakamnyima kumtaja, na yeye alikuwa amempa jina.

Majina yalisomwa watu wamekaa, ni mengi, huchukua muda. Lilipofika la Damiano, Mama akasimama. Hakuna anayesimama wakati ule. Watu waliokuwa nyuma yetu walinong'ona. Akabaki amesimama, mikono ameishusha, hakulia. Majina yakaendelea, ya wazee, ya waliozama ziwani, naye hakukaa. Nilielewa anamngoja nani. Nikasimama karibu naye, na Zabroni akasimama upande wangu wa pili, tukangoja wote watatu mpaka katekista akafika kwa Yasinta.